Bwawa la Kwenye Kompyuta na Maji ya Jangwani

Kuna maamuzi ya kisiasa ambayo hayapigiwi kura, hayajadiliwi na Baraza la Madiwani wala hayatangazwi redioni. Hufanywa na mtu mmoja au wawili ofisini, mbele ya kompyuta, kwa kuandika namba ndani ya visanduku vidogo. Mojawapo ya maamuzi hayo ni namna ya kuliwakilisha bwawa la kupokea maji ya mvua katika programu ya kusanifu mitaro. Najua baadhi ya wasomaji wangu wataona kwamba leo nimeingia shamba la wahandisi. Nabisha hodi basi, lakini nitaingia, kwa sababu namba zile ndizo zinazoamua nyumba ya nani itajaa maji hadi dirishani, na nyumba ya nani itachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Nitatumia mfano wa Dar es Salaam, na hasa Bonde la Msimbazi, kwa kuwa wengi wetu tunalijua. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kwa karne nyingi sehemu ya chini ya bonde hilo ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeilipa ujira: ilipokea maji ya ghafla, ikayatandaza, ikayashikilia kwa saa kadhaa, kisha ikayaachia baharini taratibu. Kwa lugha ya kihandisi, bonde lote lile lilikuwa bwawa la hifadhi.

Kisha jiji likakua. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu wasiofika laki nne. Sensa ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3. Palipokuwa na majani pamewekwa mabati, lami na saruji. Matone yaliyokuwa yakizama ardhini sasa yanateleza, tena kwa kasi, kuelekea bondeni. Na bonde lenyewe limemegwa kidogo kidogo kwa vifusi, kwa taka, kwa nyumba za wanyonge na kwa majengo ya wenye nguvu vilevile. Bandubandu humaliza gogo. Desemba 2011 mafuriko yalichukua roho za watu zaidi ya 40, na kaya nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi kiasi kwamba wakazi wamezoea. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa katika bonde hilohilo, imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja.

Sasa tuingie ofisini. Miongoni mwa programu zinazotumika sana duniani kukokotoa mwendo wa maji ya mvua mijini ni SWMM, iliyotengenezwa kwa ajili ya Shirika la Mazingira la Marekani na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Toleo lake la tano, lililoandikwa upya kabisa, lilitoka mwaka 2004. Haiuzwi. Mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipakua bure na kuitumia, na programu kadhaa za kibiashara zimejengwa juu ya injini yake. Kwa hiyo tunapozungumzia siri za modeli za mafuriko, tukumbuke kwamba chombo chenyewe si siri. Kinachofichwa ni namba tunazokilisha.

Programu hii huuchukulia mji kama mtandao. Maeneo yanayotoa maji ni mapande ya ardhi. Mitaro na makalvati ni viungo. Mashimo na makutano ni nodi. Na bwawa ni nodi ya aina ya pekee, kwa maana lina uwezo wa kutunza maji. Kanuni inayoliongoza bwawa inaeleweka na kila mama anayekinga maji ya bomba kwenye ndoo: maji yanayoingia, ukiyatoa yanayotoka, ndiyo yanayobaki, na yakibaki mengi kuliko chombo yatamwagika. Hayo ndiyo mambo yote. Ugumu, na hapohapo siasa, umo katika namba nne ambazo msanifu lazima azitaje.

Namba ya kwanza ni umbo la bwawa. Msanifu huiambia programu kwamba bwawa likiwa na kina fulani, uso wake una eneo fulani, na programu hutumia jedwali hilo kukokotoa ujazo. Tuchukue mfano wa kufikirika ili hesabu ionekane. Bwawa lina eneo la hekta 2, kuta zake zimesimama wima, na kina chake ni mita 1.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 30,000. Mvua kubwa ikileta mita za ujazo 10 kwa sekunde, na mlango wa kutokea ukapitisha 4, zinabaki 6 kila sekunde. Bwawa litajaa baada ya sekunde 5,000, yaani kama dakika 83. Sasa tuseme miaka imepita, tope na mifuko ya plastiki vimejaza nusu mita ya chini. Ujazo umebaki mita 20,000, na bwawa litajaa kwa dakika 56 hivi. Tofauti ni dakika 27. Mwenye ghorofa hatazijua dakika hizo. Mama mwenye watoto watatu na godoro moja la kuokoa usiku wa manane anazijua vizuri sana.

Je, jedwali lililomo kwenye modeli ni la bwawa lililochimbwa siku ya uzinduzi, au la bwawa lilivyo leo? Swali hili halihitaji shahada ya uhandisi. Linahitaji mtu aende na mti wenye alama za vipimo, auzamishe, na asome. Lakini bajeti ya kuzoa tope haina utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi, kwa hiyo ni rahisi kuliacha bwawa likafa huku pacha wake wa kwenye kompyuta akiendelea kuishi akiwa mchanga na mwenye afya.

Namba ya pili ni kina cha kuanzia, yaani maji yaliyomo bwawani kabla dhoruba ya usanifu haijaanza. Ukiacha kisanduku hicho kikiwa na sifuri, umesema kwamba mvua kubwa italikuta bwawa likiwa kavu. Huenda ni kweli mwezi wa Septemba. Lakini mvua zetu za masika haziji kama mgeni wa siku moja. Hunyesha leo, hupumzika kesho, hurudi keshokutwa. Mvua inayovunja nyumba mara nyingi ndiyo inayofuata nyingine, wakati bwawa limeshajaa nusu na udongo umeshashiba. Modeli iliyolipima bwawa kwa mvua moja tu, tena kuanzia ukavu, haijalipima kwa masika.

Namba ya tatu ni hali ya mwisho wa mtandao, pale maji yanapoingia mtoni au baharini. Programu inampa msanifu chaguo. Anaweza kusema mwisho uko huru, na maji yanatoka bila kizuizi. Anaweza pia kuweka ratiba ya kujaa na kupwa kwa bahari. Wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni hawana haja ya kufundishwa kwamba wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita tatu. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mlango wa bwawa unaweza kuwa chini ya maji ya bahari, na maji ya nchi kavu yakakosa pa kwenda kwa saa kadhaa. Kwenye modeli yenye mwisho huru, bwawa hilohilo linajimwaga vizuri. Jambo alilolijua nahodha wa jahazi karne tano zilizopita linaweza kukosekana katika ripoti yenye jalada la rangi na nembo tatu za wafadhili.

Namba ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Makutano ya mitaro yanapofurika, yaani maji yanapopanda hadi juu ya ardhi, programu huuliza: maji haya yaruhusiwe kutuama, au la? Ukikaa kimya, jibu la kawaida la programu ni la. Na la maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba maji yaliyofurika huondolewa kwenye hesabu. Hayarudi mtaroni, hayaendi nyumba ya pili, hayamfikii mtu yeyote. Yanaandikwa mwishoni mwa ripoti katika mstari mmoja wa hasara ya mafuriko, kisha mtandao ulioko chini yake unaonekana umepumua, kwa sababu umepunguziwa mzigo. Ukitaka yatuame, sharti uwashe chaguo hilo na utaje eneo ambalo maji yatatandaa juu ya kila nodi. Hapo yatakaa yakisubiri nafasi, kisha yatarudi mtaroni.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakujua kwamba siku moja methali yao ingekuwa mpangilio wa kompyuta. Lakini katika mji halisi maji yaliyomwagika yapo. Yapo sebuleni. Yapo kwenye choo cha shimo kilichofurika, na yanatoka humo yakiwa yamebeba kipindupindu. Yapo darasani, chini ya madawati. Modeli inapoyafuta maji hayo kwenye hesabu, inamfuta pia aliyesimama ndani yake. Na kwa kuwa makutano yanayofurika kwanza kwa kawaida ni ya mabondeni, na mabondeni ndiko ardhi ilikokuwa nafuu kwa maskini, tunajua bila kuuliza ni nani anayefutwa.

Wahandisi wasome kwa utulivu nisemacho. Sidai kwamba wanafanya hila. Wengi ninaokutana nao ni watu waadilifu wanaofanya kazi kwa muda mfupi na data chache, na wapo wanaojaza namba zote nne kwa uangalifu mkubwa. Zipo pia sababu halali za kitaalamu za kutotumia chaguo la kutuama: pengine msanifu ameunganisha mtandao na modeli nyingine inayoonyesha maji yakitembea juu ya ardhi, na hilo ni bora zaidi. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi wenye matokeo kwa maisha ya watu hauwezi kubaki mali ya aliyeufanya. Daktari naye ni mtaalamu, lakini hampasui mgonjwa bila kumweleza.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale matokeo ya modeli yanapogeuka kuwa mstari kwenye ramani. Mstari huo ukishachorwa, aliye ndani anaitwa mkazi wa eneo hatarishi na aliye nje anaitwa mkazi halali. Desemba 2015 mamia ya nyumba katika Bonde la Msimbazi zilibomolewa, na zilizosalia zikabaki na alama ya X. Jirani zetu wa Nairobi walipita njia hiyohiyo mwaka 2024, pale mafuriko ya Machi hadi Mei yalipofuatwa na amri ya kuwaondoa watu kando ya mito, na tingatinga zikaingia Mathare wakati matope hayajakauka. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka kingo za mito, nayo ni kanuni iliyo wazi, ipendwe isipendwe. Mstari wa modeli ni tofauti. Unaweza kusogea mita hamsini kwa sababu tu mtu alibadili kina cha kuanzia. Anayehamishwa kwa mstari kama huo ana haki ya kuuliza umetoka wapi.

Kwa sasa swali hili lina uharaka wake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi: kuupanua na kuuchimba mkondo wa mto, kujenga daraja jipya refu pale Jangwani, kuwahamisha na kuwafidia wakazi, na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji ambayo wakati wa mafuriko inakubali kuingiliwa na maji. Wazo la bustani inayokubali maji ni zuri, maana linalirudishia bonde kazi yake ya zamani. Lakini zuri hilo litadumu miaka mingapi? Ardhi tupu katikati ya Dar es Salaam haikosi wachumba. Leo itakuwa bustani. Kesho ataomba mtu kibali cha kibanda cha vinywaji, kesho kutwa ukumbi wa harusi, mtondo maegesho ya magari. Kila kibali kitaonekana kidogo. Kila kimoja kitakuwa kimepunguza namba ya kwanza niliyoitaja, na hakuna atakayerudi kwenye kompyuta kuirekebisha.

Wapo wanaharakati watakaoniambia kwamba modeli zote ni silaha za kuwafukuza maskini na kwamba tuzikatae. Sikubaliani nao. Tukiikataa hesabu, uamuzi utabaki kwa mwenye sauti kubwa, na katika jiji letu mwenye sauti kubwa si mkazi wa Kigogo. Hesabu iliyo wazi ndiyo kinga ya mnyonge. Kwa hesabu hiyo anaweza kuonyesha kwamba maji yanayomzamisha yameletwa na maegesho ya lami yaliyojengwa kilomita nne juu yake, na kwamba kumhamisha yeye bila kuyagusa maegesho hayo ni kuliahirisha tatizo kwa gharama yake.

Wapo pia maofisa watakaosema kwamba wananchi hawataelewa, na kwamba kutoa data kutaleta taharuki. Jibu langu lipo mitaani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za Dar es Salaam, wakachora majengo, njia na mitaro kwa kutumia ramani huria ya OpenStreetMap. Mkazi anayeweza kukuonyesha ukutani alama ya maji ya mwaka 2011 ana kipimo ambacho hakuna setelaiti iliyokipata. Kumwita mtu huyo asiyeelewa ni kukosa adabu, na zaidi ya hapo ni hasara ya kitaalamu, kwa kuwa modeli isiyolinganishwa na alama zile za ukutani ni dhana iliyovaa suti.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Ibara ya 18 ya Katiba inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Kwanza, kila mradi wa mitaro na mabwawa unaolipiwa na fedha za umma, ziwe za kodi au za mkopo ambao kodi italipa, uchapishe faili la modeli pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja namba nne: umbo la bwawa, kina cha kuanzia, hali ya mwisho wa mtandao, na yanakokwenda maji yaliyofurika. Pili, kila bwawa liwekewe nguzo yenye vipimo inayosomeka na mpita njia, na kina chake kipimwe kabla ya masika kila mwaka, matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Tatu, eneo la bwawa lisajiliwe kama miundombinu, na lisibaki kuitwa eneo la wazi. Maana eneo la wazi kwetu limekuwa jina jingine la kiwanja ambacho hakijapata mnunuzi. Nne, pasiwepo nyumba itakayochorwa alama kwa mstari wa modeli kabla mwenye nyumba hajapewa nafasi ya kuiona hesabu hiyo na kuipinga mbele ya mtaalamu asiye wa mradi.

Kwa wanafunzi ninaowafundisha, na wale wa vyuo vingine wanaonisoma, nina ombi moja. Programu ni ya bure. Nendeni kwenye mtaro mmoja ulio karibu na hosteli yenu, pimeni upana na kina, waulizeni wakazi maji hufika wapi, kisha ujengeni mtaro huo kwenye kompyuta. Endesheni hesabu mara mbili: mara ya kwanza maji yakiruhusiwa kutuama, mara ya pili yakiwa hayaruhusiwi. Tazameni tofauti. Wanafunzi wa sheria, sosholojia na sayansi ya siasa nao waende, wakae kiti kimoja na wa uhandisi, kwa sababu mwenye haki na asiyejua kikokotoo atadanganywa, na mwenye kikokotoo na asiyejua haki atatumiwa.

Na kwa watumishi wa umma, ambao najua mnasoma hapa hata kama hamwandiki maoni: ripoti ya ushauri ikiletwa mezani kwenu kabla ya kusainiwa, msianzie kwenye picha za rangi. Fungueni kiambatisho, tafuteni mstari wa hasara ya mafuriko, na muulizeni mshauri mbele ya wote: maji haya yamekwenda kwa nani? Asipokuwa na jibu, msisaini.